Rejeta ya Gari la Spoti la Zamani: Kuchagua kwa Joto la Voi na Mlima wa Wundanyi

Toka Voi, pita Mwatate, kisha anza kupanda Wundanyi nyuma ya lori lililojaa. Gari liko gia ya pili, injini inavuta kwa nguvu, lakini mwendo haufiki kilomita 30 kwa saa. Upepo wa mbele haupo. Hapo ndipo sindano ya joto huanza kusogea, na hapo ndipo mwenye Datsun 240Z, Escort, Celica au Impreza ya miaka ya tisini anapojua kama rejeta aliyonunua inapoza au inang'aa tu.

Mwongozo huu ni wako ikiwa rejeta ya kiwandani imechoka na jenuini haipatikani tena, au ikipatikana bei yake haishikiki, kwa hiyo unatafuta iliyotengenezwa na kampuni nyingine. Nakusihi jambo moja kabla ya mengine: usichague kwa unene wala kwa mng'aro. Chagua rejeta ambayo hewa itapita ndani yake hata gari likitambaa, na ambayo fundi aliye karibu nawe anaweza kuiziba ikitoboka.

Kama gari lako ni Porsche 911 ya kabla ya kizazi cha 996 kilichotoka mwaka 1997, halikuhusu hili. Injini ile hupozwa kwa hewa na oili, kama Volkswagen Beetle iliyoshinda Safari Rally mwaka 1954. Wengine tuendelee.

KWA NINI HUKU KUNA MTIHANI WAKE

Maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 pale Mombasa, kwenye usawa wa bahari. Voi, karibu mita 600 juu, huchemka kwa takriban 98. Ukifika Wundanyi, zaidi ya mita 1,300, ni kama 95 hivi. Maana yake, unapopanda mlima injini inatoa joto zaidi, hewa inapungua uzito na kubeba joto kidogo, na maji yenyewe yanakaribia kuchemka mapema. Kinachokuokoa ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko cha 0.9 bar, kilicho cha kawaida kwa magari mengi ya Kijapani ya miaka ya sabini, hufanya maji kwenye usawa wa bahari yasichemke mpaka yafike karibu nyuzi 119. Ukichanganya na kulanti nusu kwa nusu unaongeza nyuzi kadhaa tena.

Ongeza vumbi. Ule udongo mwekundu unaowapaka rangi ndovu wa Tsavo huingia pia katikati ya mapezi ya rejeta, na ukikutana na oili inayovuja mbele ya injini hugeuka matofali. Ongeza maji ya visima, ambayo sehemu nyingi za Voi na tambarare zake yana chumvi. Utando mweupe unaouona ndani ya sufuria ya kuchemshia chai ndio huohuo unaojijenga ndani ya mirija.

Watu hupenda kunikumbusha kwamba 240Z ilishinda Safari mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena 1973 na Shekhar Mehta pamoja na Lofty Drews, kwa hiyo gari hilo haliwezi kushindwa na Wundanyi. Ni kweli lilishinda. Lakini lilikuwa na mafundi wakilisubiri njiani na vifaa vipya. Wewe una dumu la lita tano kwenye buti.

KWANZA HAKIKISHA MGONJWA NI REJETA

Nilinunua rejeta nisiyoihitaji. Celica yangu ilikuwa ikichemka kila nilipoingia mjini Voi, na muuzaji mmoja akaniuzia rejeta nene ya safu nne, akiniambia, "Mzee, na hii hata ukienda Lodwar hutaona shida." Nikaifunga. Gari likachemka vilevile, tena haraka zaidi. Ugonjwa ulikuwa klachi ya feni, na ule unene mpya ulikuwa umeizidishia feni dhaifu mzigo wa kuvuta hewa.

Gari lenyewe litakuambia tatizo liko wapi ukiangalia linachemka lini:

• Linachemka mjini au kwenye foleni, lakini likikimbia barabara kuu linapoa: tatizo ni hewa. Angalia feni, klachi yake, mkanda na kava la feni. Rejeta huenda ni nzima.

• Linachemka likikimbia kilomita 100 kwa saa kuelekea Maungu, lakini likisimama linatulia: tatizo ni maji kutopita au rejeta kushindwa. Mirija imeziba, hosi ya chini inanyonywa na kukunjamana, au pampu imechoka.

• Linachemka kila mahali: anza na kifuniko, thamostati na gasketi ya silinda hedi.

Kisha fanya hivi, kwa mpangilio huu, ukianza injini ikiwa baridi:

1. Fungua kifuniko utazame mpira wake. Ukiwa umekauka au umepasuka, badilisha. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote hapa.

2. Washa injini kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yanayotoka mfululizo bila kukoma yanaashiria gasketi. Kagua na kijiti cha oili: oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni jibu tosha. Ukiona hivyo simamisha ununuzi wa rejeta, maana pesa hiyo ina kazi nyingine.

3. Toa thamostati, itie kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uchemshe. Ianze kufunguka karibu na namba iliyochongwa juu yake.

4. Zima injini iliyo moto, kisha zungusha feni kwa mkono. Feni ya klachi ikizunguka huru raundi nyingi bila kizuizi, klachi imekufa. Feni ya umeme usiiguse kabisa kabla ya kuchomoa waya wake, kwa sababu inaweza kuwaka yenyewe.

5. Injini ikiwa moto na imezimwa, pitisha kipimajoto cha miale kwenye uso wa rejeta. Mabaka baridi katikati ya sehemu moto ni mirija iliyoziba.

Ikiwa hatua ya tano ndiyo iliyokuonyesha kasoro, endelea kusoma.

SHABA AU ALUMINI

Magari ya miaka ya sitini na sabini yalitoka kiwandani na rejeta ya shaba iliyounganishwa kwa lehemu. Yaliyofuata, pamoja na Impreza, yakaja na kiini cha alumini na matangi ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya chuma. Rejeta nyingi za kampuni nyingine zinazouzwa kwa magari ya spoti leo, kama za Koyorad ya Japani au Mishimoto na CSF za Marekani, ni alumini tupu, kiini na matangi.

Shaba hupitisha joto vizuri kuliko alumini. Lakini alumini ni ngumu kwa uzito wake, kwa hiyo mirija yake hutengenezwa mipana zaidi bila kupasuka, na mirija mipana hugusana na mapezi mengi zaidi. Ndiyo sababu rejeta nzuri ya alumini ya safu mbili inaweza kuishinda ya shaba ya safu tatu, nayo ni nyepesi sana.

Kwa nini basi bado naitetea shaba kwa watu wa huku? Kwa sababu ya kuzibwa. Rejeta ya shaba ikitoboka Mwatate, fundi mwenye tochi ya moto, lehemu na asidi ya kusafishia ataifunga na utafika nyumbani siku hiyohiyo. Alumini inataka mashine ya kuchomelea yenye gesi ya argoni na mkono uliozoea. Vinginevyo fundi hutoboa tundu kubwa kuliko alilolikuta. Matangi ya plastiki hayatibiki. Yakipasuka kwenye ukingo wa meno, ni kubadilisha tu.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Kama gari hukaa lami, Voi hadi Mombasa au hadi Taveta, na umeshaona kwa macho yako kazi ya fundi wa argoni unayeweza kumfikia, chukua alumini tupu. Kama unapita Rukanga kuzunguka Kasigau, au unajiandaa kwa mbio za magari ya zamani zinazokatiza huku kwetu, kaa na shaba. Kwa 240Z, Escort au Celica ya zamani kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau: kubaki na matangi yako ya juu na chini na kumwambia fundi wa rejeta aweke kiini kipya, kile mafundi wanachokiita koa. Vishikio vinabaki mahali pake, hosi zinaingia bila kulazimishwa, na mwonekano wa gari hauharibiki. Hiyo ndiyo njia niliyoichagua mimi hatimaye.

UNENE, MAPEZI NA FENI

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Muuzaji atakuhesabia safu: mbili, tatu, nne. Sikiliza, lakini fikiria hewa. Hewa ikishapita safu ya kwanza imepata joto. Inapofika ya nne haina tena uwezo mkubwa wa kubeba. Kuongeza unene maradufu hakuongezi upozaji maradufu, ila kunaongeza ugumu wa hewa kupita. Kwenye barabara kuu upepo wa mwendo utaisukuma. Kwenye kona za Wundanyi, feni peke yake ndiyo itakayofanya kazi hiyo, na mara nyingi feni ya zamani haiwezi.

Kwa hiyo, nafasi ikiruhusu, ongeza upana au urefu wa kiini kabla ya kuongeza unene. Uso mpana hukutana na hewa baridi moja kwa moja.

Mapezi nayo yahesabu. Weka rula ubavuni mwa mrija, hesabu mikunjo ndani ya sentimita 2.5. Mapezi yaliyosongamana hupoza vizuri yakiwa safi, lakini hukamata vumbi na mbegu za nyasi upesi. Kwa barabara za vumbi napendelea 10 hadi 14. Zaidi ya hapo ni kwa gari la lami linalooshwa kila wiki.

Kava la feni ni kile kipande cha plastiki au bati kinachoizunguka feni. Bila kava, feni huvuta hewa kupitia duara dogo lililo mbele yake tu, na pembe zote za rejeta zinabaki bila kazi. Nimeona magari mengi ya zamani ambayo fundi alilitoa kava "kwa muda" na hakulirudisha. Kabla ya kununua rejeta yoyote uliza: kava langu litaingia? Kama haliingii, bati la kukunja na fundi wa jua kali mwenye subira watakutengenezea jingine. Feni iingie nusu ya unene wake ndani ya kava, na ibaki sentimita mbili au zaidi kutoka kwenye kiini, kwa sababu injini hutikisika kwenye mashimo.

PIMA KABLA YA KUULIZA BEI

Jina la gari halitoshi. Kulikuwa na gia za mkono na otomatiki, injini zilibadilishwa, na magari mengi ya umri huu yana moyo wa gari jingine. Chukua futi, karatasi na simu ya kupigia picha:

1. Kiini: upana, urefu na unene, bila matangi.

2. Kimo na upana wote, pamoja na matangi na vishikio.

3. Mdomo wa juu na wa chini: uko kushoto au kulia, unaelekea wapi, na kipenyo chake cha nje kwa milimita.

4. Nafasi kutoka uso wa nyuma wa kiini hadi ncha ya feni, au hadi puli ya pampu ya maji kama feni ni ya umeme.

5. Matundu ya bolti: umbali kati yake na upande yalipo.

6. Kama gia ni otomatiki, mirija miwili ya kipozeo cha oili ya gia kilicho ndani ya tangi. Rejeta isiyo na kipozeo hicho itakuchomea gia.

7. Tundu la swichi ya feni, kizibo cha kumwagia maji, na aina ya shingo ya kifuniko.

8. Kondensa ya AC iliyo mbele, kama ipo.

KWENYE KAUNTA

Kwa magari haya, wengi wetu tunaishia Nairobi, Kirinyaga Road na Grogan, au tunaagiza kutoka nje. Ukiagiza, kumbuka rejeta ni nyepesi lakini kubwa, na wasafirishaji wa ndege hutoza kwa ukubwa wa boksi. Juu yake kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za bandari au uwanja wa ndege. Ulizia jumla hadi mlangoni kabla ya kufurahia bei ya kwenye picha. Ikija kwa basi kutoka Nairobi, mwambie muuzaji aweke ubao mwepesi pande zote mbili za kiini, kwani katoni peke yake haizuii kona ya gunia la mtu mwingine.

Nenda na orodha hii:

☐ Vipimo vyangu vinane vimelingana, nimevipima mwenyewe.
☐ Shingo ya kifuniko ni nyoofu, haina mkwaruzo unaovuka ukingo.
☐ Ndani ya mdomo hakuna vipande vya lehemu au alumini vinavyocheza.
☐ Mapezi yameshikana na mirija. Nikiyagusa kwa ukucha hayatikisiki.
☐ Imejaribiwa mbele yangu: midomo imezibwa, ikajazwa hewa isiyozidi bar ya kifuniko changu, ikazamishwa majini, hakuna povu.
☐ Nimekubaliana kwa maandishi kuirudisha isipoingia.

Muuzaji akikataa jaribio la maji, ondoka. Nasema hivi kwa moyo mweupe: mwenye bidhaa nzuri hana sababu ya kuogopa ndoo.

KUFUNGA

1. Safisha injini kwanza. Mwaga maji ya zamani ndani ya karai, si barabarani; kulanti ni tamu na ni sumu kwa mbuzi, mbwa na watoto. Pitisha maji safi kwa nyuma kupitia injini mpaka yatoke meupe. Usipofanya hivyo, kutu ya miaka 40 itahamia kwenye rejeta mpya ndani ya mwezi mmoja.

2. Badilisha hosi zote mbili, klipu, thamostati na kifuniko. Kifuniko kiwe cha namba ileile ya kiwandani. Kikubwa zaidi hakiongezi nguvu, hupasua hosi na matangi ya zamani. Impreza za tabo zina vifuniko viwili visivyo sawa, usivibadilishe nafasi.

3. Weka raba mpya kwenye vishikio. Rejeta iliyobanwa chuma kwa chuma hupasuka kwenye matuta ya barabara ya vumbi, hasa alumini.

4. Feni ya umeme ifungwe kwenye fremu. Zile nyuzi za plastiki zinazopenya katikati ya kiini husaga mirija polepole hadi itoboke.

5. Jaza kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa chumvi. Maji ya betri yanafaa, ila soma chupa uhakikishe ni maji matupu na si asidi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi baada ya mvua ya kwanza kuliosha paa yanafaa pia, na milimani Taita hayakosekani. Hakikisha lebo ya kulanti inaitaja shaba au alumini, kulingana na rejeta yako, na usichanganye aina mbili.

6. Egesha gari pua ikiwa juu, hita ikiwa wazi, kifuniko kikiwa nje. Washa, subiri thamostati ifunguke, ongeza mpaka mapovu yaishe. Hewa iliyonasa hudanganya geji.

7. Kama rejeta ni alumini, chukua mita ya umeme: waya mweusi kwenye negativu ya betri, mwekundu ndani ya maji ya rejeta bila kugusa chuma. Washa taa na feni. Ikizidi volti 0.1, kuna athi mbovu, na umeme huo utaila alumini kutoka ndani. Tengeneza athi kabla ya safari.

8. Jaribu kwa hatua. Zunguka mjini Voi mchana kwa nusu saa, kisha Voi hadi Maungu na kurudi, kisha Mwatate. Wundanyi iwe ya mwisho. Kila mara ikipoa, angalia kiwango cha maji na uguse kila kiungo kwa karatasi kavu.

┌─────────────────────────────
ONYO: LIKICHEMKA NJIANI

Zima AC, fungua hita hadi mwisho, punguza mzigo wa injini na utafute pa kusimama penye usalama. Kati ya Manyani na Mtito Andei barabara inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Magharibi. Usiku usishuke kwenda kutafuta maji kichakani. Piga simu, kaa ndani.

Usifungue kifuniko kabla ya hosi ya juu kupoa kiasi cha kushikika na kubinyika kwa urahisi. Maji yaliyo chini ya shinikizo hulipuka kuwa mvuke papo hapo na kuunguza uso.

Usimwage maji baridi kwenye injini iliyo moto. Silinda hedi hupinda au kupasuka.
└─────────────────────────────

MAKOSA NINAYOYAONA KILA MWEZI

Kutoa thamostati. Karibu kila mtu ameshauriwa hivi na jirani mwenye nia njema. Injini ikikosa thamostati hukaa baridi barabara kuu, hula petroli na kuchakaa, na kwa injini nyingi maji hupata njia ya mkato yanazunguka bila kufika kwenye rejeta vya kutosha. Kisha likipanda mlima, linachemka.

Kutia manjano, unga wa kuziba au sabuni ndani ya maji. Kunaweza kukufikisha nyumbani mara moja, lakini huziba pia mirija midogo ya hita na ya rejeta yenyewe. Ukilazimika, siku inayofuata safisha mfumo wote.

Kuosha rejeta kwa mashine ya maji ya nguvu kutoka mbele. Mapezi hulala na hewa haipiti tena. Tumia mpira wa bustani, kutoka nyuma kwenda mbele, baada ya kila safari ya vumbi.

Na kuitupa rejeta ya zamani. Wanunuzi wa vyuma chakavu hulipa vizuri kwa kilo ya shaba, na watakuja kukuuliza kabla hujamaliza kufunga mpya. Mwambie fundi ayeyushe lehemu atoe matangi ya juu na chini, uyafunge kwa gazeti uyaweke dari. Kiini uza ukitaka. Tangi lenye shingo na vishikio vya kiwandani halitengenezwi tena kwa mengi ya magari haya, na siku rejeta mpya itakapokwisha, fundi atakuuliza kama unalo.